Mama wa Kivuko Katika Kitabu Kinene

Sifa na shukrani ni za Mungu, aliyenipa macho ya kusomea na akili ya kushika nilichosoma. Akivitaka leo nitamrudishia, kwa kuwa ni vyake. Nayasema haya kabla ya yote kwa sababu ninayoyaleta ni mambo ya hofu, na mtu akishikwa na hofu husahau upesi kushukuru.

Mimi ni katekista wa kigango kimoja huku Magamba, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nikastaafu. Kusoma ndiyo starehe niliyobaki nayo. Wenzangu wana bao, wana redio, wana siasa. Mimi nina riwaya ndefu za Kiingereza, zile za zamani na zile zenye ramani ya nchi isiyokuwapo katika ukurasa wa kwanza, zenye wafalme, majoka na watu wanaotembea muda mrefu sana bila kufika popote.

Mke wangu aliwahi kuniuliza, "Baba, hao watu hawajafika tu?"

"Bado wako mlimani."

"Tangu masika?"

"Tangu masika."

"Si wapande basi," akasema, akaendelea kupepeta mahindi yake.

Sitawadanganya, vitabu hivyo vinachosha. Mwandishi anaweza kueleza mlima mpaka ukajiona umeubeba kichwani. Lakini nilipofundishwa ukatekista, mwalimu wetu alitukataza kuruka hata zile sura za fulani alimzaa fulani. Alisema, soma yote, usiongeze, usipunguze, utamu utakuja wenyewe kama karanga inavyokuja baada ya palizi. Nimesoma hivyo maisha yangu yote, na mara nyingi utamu umekuja.

Ninaye mwenzangu katika starehe hii. Alifanya kazi reli mpaka akastaafu, anakaa Kashaulili mjini, na wajukuu zake wanamwita Babu Reli. Nami namwita hivyo hivyo. Yeye ni Mwislamu aliyezaliwa Karema kando ya ziwa, na alijifunzia Kiingereza stesheni kwa kusoma chochote ambacho abiria walikisahau kwenye mabehewa. Tumejuana tangu hatuna mvi. Kila Jumamosi naingia mjini, tunakaa kwenye benchi la fundi viatu pale sokoni na kuongea habari za wafalme ambao hawapo.

Kitabu ninachotaka kuwaeleza tulikipata kwa muuza vitabu vya mtumba, aliyekuwa amevitandaza kwenye turubai karibu na wauza dagaa. Kilikuwa kinene kama tofali la kuchoma na kilinuka dagaa. Kilikuwa kimoja na sisi wawili, na hakuna aliyetaka kumsubiri mwenzake mwaka mzima. Babu Reli akakipeleka kwa fundi viatu.

"Kikate vipande vinne."

Fundi akatutazama kama watu tunaotaka kuchinja paka. "Wazee, nyie mna akili timamu?"

"Kata. Kisha kila kipande ukishone vizuri, ukivishe ngozi."

Akakikata kwa kile kisu cha kukatia soli, akavishona vipande kwa uzi wa viatu uliopakwa nta. Utaratibu wetu ukawa huu: Babu Reli anatangulia kusoma kipande, akimaliza ananipa, na akinipa ananihadithia yaliyomo. Hatuogopi kuhadithiwa mapema. Injili najua inavyoisha na bado naisoma.

Aliponipa kipande cha pili alisema, "Hiki kimejaa milima, Katekista. Utalia. Lakini vumilia, mbele kuna mama wa kivuko."

"Nani huyo?"

Akanieleza. Mama mmoja mnene anavusha watu mtoni kwa mtumbwi, ana mbuzi mwenye jicho moja anayelala miguuni pake. Siku moja anakuja mfalme na jeshi lake, anataka kuvuka. Mama anamwambia, kwangu havuki mtu mpaka ataje jina la mwanamke aliyemzaa. Mfalme anafungua kinywa, jina halipo. Ameshinda vita vyote, lakini amelisahau jina la mama yake. Anakaa ukingoni na jeshi lote nyuma yake linasubiri.

Nilicheka mpaka fundi naye akacheka. Nikaenda nyumbani nikiwa na hamu ya kumkuta huyo mama.

Nikasoma milima. Nikasoma mabonde, nyimbo za watu wafupi, ukoo wa wafalme mpaka kwa babu wa babu. Nilipofika ukurasa wa mwisho wa kipande nikafunga ngozi. Mama wa kivuko sikumbuki kumsoma.

Ili mnielewe lazima niwaambie habari za kaka yangu. Alikuwa mrina asali kule Ugalla, mizinga yake ilikuwa mingi na aliijua kila mmoja na mti wake. Siku moja aliingia porini na watoto wake, akasimama chini ya mzinga aliouchonga kwa mikono yake, akauliza, "Huu wa nani?" Wakadhani anatania. Kabla hajafa aliniita mimi kwa jina la baba yetu, akanisalimia shikamoo. Kaka yangu mkubwa, ananiamkia mimi. Mungu amrehemu. Tangu siku ile, kila nikisahau mahali nilipoweka jembe, moyo unaruka.

Basi nikarudi mwanzo wa kipande nikaanza upya. Hapo ndipo hofu ilipoota mizizi, kwa maana kurasa nilizokuwa nazisoma zilikuwa kama ngeni. Huu mlima nimeusoma? Alama ya kidole changu chenye mafuta ilikuwapo pembeni, kwa hiyo nimeusoma. Lakini sikuukumbuka. Nikajiambia, ni uchovu tu, nani anaweza kukumbuka mlima wa kwenye karatasi? Nikajijibu, kaka yako naye alisema ni uchovu. Ndio ubaya wa kurasa zinazochosha. Haziwezi kukuambia kama umezisahau au hukuwahi kuzisikiliza.

Nikafika mwisho tena. Mama hayumo.

Sikumwambia mtu. Nilianza kujipima kwa siri. Nikiwa napalilia nilitaja vitabu vya manabii kwa mpangilio, nikakwama, nikasimama katikati ya tuta nimeshika jembe kama mtu aliyeona nyoka. Mke wangu akaniita mbali, "Umeumia?" Nikasema hapana. Jumapili niliongoza ibada, maana padri huja kwetu kwa nadra. Kanuni ya Imani ninayoisali tangu utoto niliisoma kwenye kitabu, kidole kikifuata mstari, nikiogopa kwamba nikiinua macho maneno yatakuwa yameondoka. Mzee mmoja wa kigango akanitania nje, "Katekista, siku hizi unaifanyia mtihani?" Wakacheka. Nami nikacheka nao.

Niliomba hivi: Bwana, ukitaka kuninyang'anya chochote, chukua miguu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mjini na kipande cha pili kwenye mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimeamua kumwambia Babu Reli kila kitu, na kumwomba awe ananiangalia, aniambie siku nitakapoanza kuuliza mzinga huu wa nani.

Nilimkuta benchini, kofia yake safi, amenyoosha mguu wake mbovu.

"Mama wa kivuko," nikamwambia kabla hata ya salamu. "Yuko wapi humu?"

"Humo humo! Karibu na mwisho, wakishuka ile milima. Umemruka."

"Mimi siruki."

"Umesinzia basi. Makatekista mnasinzia, nyie mmezoea kusinzisha wenzenu."

"Nionyeshe."

Akachukua kipande, akalowesha kidole, akaanza kufungua. Alikuwa anatabasamu. Alifungua mbele, akarudi nyuma, akafungua tena mbele. Fundi alikuwa anagonga soli. Tabasamu la Babu Reli lilikaa pale mdomoni muda mrefu kuliko inavyotakiwa, kama kitu kilichosahauliwa.

"Soma kwa sauti," akasema. "Macho yangu yamechoka."

Nikasoma kutoka pale wanapoanza kushuka, nikiyageuza kuwa Kiswahili kadiri nilivyoweza, ukurasa baada ya ukurasa. Mlima, ukungu, mawe, farasi anachechemea. Mto ulikuwapo, lakini walivuka kwa daraja. Hakuna mama. Hakuna mbuzi. Nilipofika kwenye uzi wa mwisho yeye alikuwa anaangalia mikono yake.

Sasa niseme kweli mbele ya Mungu. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Akili yangu ni nzima! Nilisema moyoni, asante Bwana, na asante ile ilitoka na nguvu kuliko sala zangu zote za mwezi ule. Kisha nikainua macho, nikamwona mwenzangu, na hofu ikarudi ikiwa kubwa zaidi, safari hii ikiwa imevaa kofia yake.

"Ulinitania," nikasema. "Ulimtunga ili nisikate tamaa kwenye milima. Sema ulinitania."

"Ningependa iwe hivyo. Nilimsoma, Katekista. Naona hata ukurasa wenyewe ulivyokaa. Yule mbuzi naona manyoya yake."

Fundi akaacha kugonga.

Babu Reli akanisogelea akapunguza sauti. Akaniambia kwamba siku si nyingi zilizopita alitoka msikitini akaingia nyumba ya jirani, akavua viatu, akakaa, akamwagiza mke wa mtu chai. Yule mama kwa heshima akamletea. Alikunywa nusu ya kikombe ndipo akauona ukuta kwamba si wake. "Nikamwambia nimekuja kuwasalimia. Sijui kama aliamini." Halafu akanishika mkono wa shati. "Watoto wangu wasijue bado. Wataniondoa hapa wanipeleke Dar, na huko sijui mtu. Niache nimalize kitabu."

Nikamwambia sitasema, lakini kwa sharti moja: mke wake ajue, na tukitoka pale twende wote kumwambia. Tulikwenda. Mkewe alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi najua tangu Ramadhani," akatupakulia wali.

Baada ya hapo utaratibu wetu ulibadilika. Vipande viwili vilivyobaki tunavisoma pamoja. Mimi nasoma kwa sauti, yeye anasikiliza. Naenda Kashaulili mara nyingi kuliko zamani, na mke wangu haniulizi tena kama wale watu wamefika.

Nimejifunza jambo ambalo sikulijua katika miaka yote ya kusoma. Kwenye vita na mauaji, Babu Reli anahangaika. "Huyu nani? Huyu si alikufa?" Namweleza, tunaendelea, anauliza tena, na namwona anavyoogopa kuuliza. Lakini tukifika kwenye milima, kwenye zile kurasa zilizokuwa zikituchosha sote wawili, uso wake unatulia. Mlima haukudai umkumbuke mtu. Wewe unasikiliza tu kwamba kuna mawe, kuna ukungu, kuna njia. Wakati mwingine ananiambia, "Rudia huo." Narudia. Mimi niliyezihesabu kurasa zile kuwa adhabu, sasa naomba ziongezeke, maana kipande cha nne kimebaki chembamba na sisi wote tunaogopa kukimaliza.

Wiki iliyopita wale watu wa kitabuni walifika kwenye mto mpana. Mwandishi alikuwa ameanza kueleza maji kwa ule mwendo wake wa konokono. Babu Reli akakaa wima.

"Sasa atakuja," akasema.

Nikatazama ukurasa. Walikuwa wanatafuta mahali pa kina kifupi, wavuke kwa miguu. Hakukuwa na mtu mwingine kwenye mto ule.

"Soma, Katekista. Anakuja, si ndiyo?"

Mimi ni mtu wa usiongeze, usipunguze. Nimewaonya wasomaji wa kigango chetu mpaka wakanichoka. Nilishika kile kitabu, macho kwenye mistari isiyokuwa na neno hilo, nikasoma: "Hapo wakaona mtumbwi, na mama mnene akiupiga kasia, na mbuzi mwenye jicho moja amelala miguuni pake."

Alicheka, akapiga goti lake. "Nilikuambia yumo!"

"Ulisema," nikajibu. Nikaendelea. "Mama akawaambia, kwangu havuki mtu mpaka ataje jina la mwanamke aliyemzaa."

Nilinyamaza nipate pumzi, sikuwa nimepanga sentensi inayofuata. Katika kimya kile Babu Reli alifumba macho, akataja jina la mama yake. Alilitaja lote, na la babu yake nyuma. Hakukosea. Nilimjua mama yule, nilikula ugali wake nikiwa kijana.

"Wakavuka," nikasoma.

Padri sijamuuliza. Nikifika mbele ya Mungu nitamweleza mwenyewe. Hofu haijaondoka, si kwa ajili yake wala kwa ajili yangu. Asubuhi nikiamka, bado naanza kwa kutaja majina ya wajukuu kabla ya kutia miguu chini. Jumamosi nitakwenda tena, na kurasa zilizobaki tutazisoma polepole.

Nawe uliyefika hapa bila kuruka, Mungu akulindie macho yako na majina ya wote unaowapenda. Na siku jina moja likikupotea, akuweke karibu na mtu mwenye subira ya kukusomea. Amina.