Zipora, Mwalimu Aliyegoma Kumfukuza Ruthu

Saa mbili asubuhi, jua la Ugogo limeshaanza kuchoma. Ndani ya tembe moja la misheni, nyumba ya paa bapa la udongo, mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka stesheni ya Dodoma, wasichana ishirini na watatu wameketi juu ya ngozi za ng'ombe, vibao vya kuandikia magotini. Mwalimu Zipora Matonya anapita kati yao polepole. Hana fimbo.

"Fimbo niliiacha mwaka wa 1910," anasema huku akicheka. "Ilinichosha mkono bure. Wasichana walibaki vilevile."

Zipora ana miaka thelathini na mmoja. Darasa lake ndilo la juu kabisa shuleni, na lilikuwa na sifa mbaya: ugomvi, matusi, utoro. Mwaka wake wa kwanza, wasichana sita walitoroka na hawakurudi.

Aliyeshinda wote kwa ukorofi ni Ruthu, binti wa mfugaji. Alipiga wenzake, akamjibu mwalimu ovyo, akatoroka mara tatu. Mwaka jana Bibi mkuu wa misheni aliamua kumrudisha kwao.

"Nikamwambia, 'Bibi, akiondoka Ruthu, nami naondoka,'" Zipora anakumbuka. "Mume wangu ni marehemu, nina watoto wawili, na kazi nyingine sina. Lakini neno lilikwisha kutoka."

Bibi mkuu alimpa Ruthu muda hadi mavuno ajirekebishe.

Siku moja Zipora alikusanya vibao kabla ya kengele. Ruthu akaharakisha kufuta chake. Mwalimu akamshika mkono. Kati ya hesabu tisa, nane zilikuwa sahihi.

"Nikamuuliza, kwa nini unafuta? Akasema, 'Mwalimu, mimi ni mjinga. Leo nimebahatisha. Wakiona, kesho wataniuliza tena, nitakosa, watanicheka.'"

Zipora anaendelea: "Hapo ndipo nilipomwelewa. Kwake, kuitwa mkorofi kulikuwa afadhali kuliko kuitwa mjinga."

Tangu siku hiyo, kila alasiri alimkabidhi Ruthu wasichana wadogo watano awafundishe herufi. Siku ya kwanza Ruthu alirudi akilia.

"Hawanisikii, Mwalimu!"

"Wewe hukunisikia miaka miwili, na mimi sikuondoka. Rudi."

Akarudi. Kufika mwezi wa pili, wadogo wale walikuwa wanasoma majina yao, na Ruthu alikuwa hajapigana na mtu.

Mavuno yakafika, na mtihani mbele ya wazazi na wazee wa kanisa. Ruthu aliitwa mbele, akapewa hesabu ndefu. Katikati akakosea. Mtu akacheka nyuma.

"Nilifumba macho," anasema Zipora. "Nilijua sasa kibao kitarushwa."

Hakikurushwa. Ruthu alisema, "Ngojeni, nimekosea hapa," akafuta tarakimu moja tu, akaendelea hadi mwisho. Jibu lilikuwa sahihi. Mama yake akapiga vigelegele. Baba yake, mzee Bartolomayo, akasimama.

"Mimi sijui kusoma," alisema, "lakini nimeona hakukimbia."

Ruthu sasa ana miaka kumi na saba na ni msaidizi wa mwalimu. "Hasira bado ninazo," anakiri. "Ila siku hizi najua zinatoka wapi." Tangu mavuno yale hakuna msichana aliyetoroka.

Zipora bado anatembea saa nzima kila asubuhi kutoka kwake, na viatu hana. Anapozungumzia wasichana wake, hata hivyo, kifua kinamtanuka. Sasa anataka darasa la pili, katika kijiji kilicho mashariki ya hapa. Akina mama wamekwisha kuinua kuta hadi kiunoni. Zimebaki nguzo na udongo wa paa, kabla ya mvua.

"Mwalimu wa pale atakuwa Ruthu," anasema. "Nimeshamwambia Bibi mkuu. Safari hii hakubisha. Aliuliza tu, tunahitaji vibao vingapi?"