Tohara ya Jairus

Dada yangu Nasike huchagua maharagwe katika stoo moja mjini Kitale. Hukaa juu ya gunia kutwa nzima akitenga mabovu na mazima, na jioni hurudi nyumbani akikohoa vumbi. Kwa kazi hiyo amemlea Jairus, mwanawe wa pekee. Sifuna wa Bumula, babake mtoto, alipoambiwa kuna mimba alisema hajui lolote, akabadilisha laini ya simu. Miaka yote hiyo hakuwahi kumnunulia Jairus hata kalamu.

Halafu ikafika Agosti ya tohara. Kwetu Bungoma mvulana hutahiriwa uani kwa babake. Akitahiriwa kwa wajomba, watu humcheka hadi uzeeni. Ghafla Sifuna akakumbuka kwamba ana mtoto. Alikuja Kitale viatu vikimetameta, akimwita Jairus "kijana wangu" kana kwamba waliachana jana tu.

Nasike alimfukuza. Sifuna akaenda kushtaki kwenye ofisi ya watoto. Ndiyo, yeye ndiye aliyeshtaki. Afisa, mama mmoja mpole, aliwaita wote akawaeleza kwamba sheria ya sasa inawapa baba na mama wajibu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Alimwambia Sifuna kwamba chakula, karo na matibabu pia ni juu yake. Sifuna aliitikia kila kitu kwa kichwa, maana kuitikia hakumgharimu mtu chochote. Jairus naye akaulizwa anataka nini. Akasema anataka kutahiriwa kwa baba, kama wenzake.

Mimi nilitaka dada yangu akatae. Nilimwambia huyu mtu akishampata kijana hatamwachilia. Nasike akanitazama kama mjinga.

"Sasa mimi nimnyime mtoto baba, ndio wamcheke maisha yake yote? Wacha aende. Akipona si atarudi tu kwangu."

Basi Jairus akaja kwangu Kamukuywa akipiga njuga za kualika jamaa kwenye tohara, nami nikatimiza kazi ya mjomba: nikachinja ng'ombe, nikamvisha nyama shingoni, tukamsindikiza kwa wimbo hadi Bumula.

Alfajiri kijana akitoka mtoni amepakwa matope, mamake hutakiwa kuwa ameketi chini ndani ya nyumba, miguu ameinyoosha, bila kutikisika, mpaka kisu kimalize kazi. Ndivyo mama anavyompa mwanawe nguvu. Nasike alifika mlangoni akakuta Phelista, mke wa Sifuna, ameshaketi pale sakafuni. Dadake Sifuna akamshika mkono akamwambia, bila ubaya wowote, "Dada, hii ni nyumba ya wenyewe. Wewe enda usaidie jikoni."

Nasike akaenda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alikwenda. Alimenya viazi vya wageni huku mwanawe akikatwa upande wa pili wa ukuta. Jairus hakupepesa jicho. Vigelegele vikapigwa, Sifuna akabebwa juu juu kama mtu aliyeshinda kura, nami nilikasirika hadi nikashindwa kula ile nyama.

Kidonda kilipopona, na shule zikikaribia kufunguliwa, nilimsindikiza Nasike kwenda kumchukua. Njiani alizungumza kuhusu godoro jipya alilomtandikia kijana, kwa kuwa sasa ni mwanaume. Tulimkuta Jairus uani amevaa shati jipya na kaptura ya shule ya pale Bumula. Alitusalimu kwa heshima, mikono miwili. Kisha akageuka, akaita kuelekea ndani ya nyumba.

"Mama, kuna wageni. Mama wa Kitale amekuja."

Phelista akajibu kutoka ndani kwamba anakuja, tungoje kidogo. Sheria haikuvunjwa na mtu. Nasike alisimama pale uani na begi tupu alilokuja nalo kupakia nguo za mwanawe, akingoja mwenye nyumba atoke amkaribishe.