Hapana ya Sabiti

Watu wengi waliokwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu walirudi na hadithi. Sabiti alirudi na bega. Bega la kushoto, limeshuka upande mmoja tangu siku jiwe lilipomwangukia ndani ya shimo. Mzungu wa mgodi akamwambia akapumzike, na ukishaambiwa ukapumzike na Mzungu wa mgodi, jua umefukuzwa kwa heshima.

Angeweza kurudi kwao Tabora. Lakini alikuwa na mke, Chausiku, mwenye ulimi mkali kuliko sururu, na Chausiku alisema yeye harudi kwa mama mkwe mikono mitupu na mume aliyepinda. Basi wakavuka vilima, wakaangukia kwenye kijiji cha Wasukuma waliotoka Samuye na ng'ombe wao kutafuta nafasi. Wakaomba mahali pa kulima. Aliyewapa ni mzee Mabula, mwanangwa wa pale, yaani mtu wa mtemi kijijini. Aliwapa kipande cha pembeni, mawe matupu, kwa sababu kizuri kilishakwisha. Hakuwadanganya. Alisema, "Hapa ni pabaya, ila ni penu."

Watu wakamwita Sabiti Mswahili. Halikuwa tusi, lakini halikuwa jina la nyumbani pia. Mswahili ni mtu asiye na ng'ombe, anayeswali, mwenye maneno mengi. Mtu wa kupita. Kwenye pombe hawamwiti kwa sababu hanywi, kwenye mashauri hawamwiti kwa sababu si wa hapa. Miaka ikaenda hivyo hivyo. Mtoto wao Salehe akazaliwa pale, akasema Kisukuma kabla ya Kiswahili, na bado baba yake akawa Mswahili.

Halafu ukaja ule mwaka wa njaa, arobaini na tisa. Mvua ilichungulia ikarudi. Mto wa kijiji ulikuwa mchanga mtupu, na siku zote watu walichimba humo visima vidogo wakati wa kiangazi, kila mtu na chake, na miiba juu yake. Mwaka ule waliufuata mchanga mpaka wakagonga mwamba mkavu. Wanawake wakaanza kwenda mbali, wanatoka alfajiri na kurudi jua kali, mtungi nusu.

Sabiti alikuwa anautazama mstari wa mawe meupe uliokatisha shamba lake. Mgodini jiwe jeupe ndilo lililofuatwa, maana dhahabu hukaa humo. Lakini kila walipolifuata, maji nayo yaliwafuata wao. Yalitoka kwenye nyufa, yakajaa shimoni, pampu ikalia kutwa kucha kuyatoa. Sabiti aliyalaani maji yale mara nyingi kama wenzake. Sasa akakaa juu ya jiwe lake akafikiri: kama kule ni adui, basi huku si ndiyo mali?

Akaanza kuchimba. Alipofika kwenye jiwe gumu alifanya kama wazee wa zamani. Akawasha moto juu yake mpaka likaiva, halafu akalimwagia maji ya baridi lipasuke. Maji yenyewe aliyabeba Chausiku kutoka huko mbali, kichwani. Hapo ndipo kijiji kilipopata kicheko chake cha mwaka mzima.

"Mama Salehe!" wanawake walimwita njiani. "Hayo ya kupika au ya kumnywesha jiwe?"

"Ya jiwe," Chausiku alijibu. "Jiwe langu lina shukrani kuliko waume zenu."

Nyumbani, lakini, alilia. Alimwambia Sabiti, "Ukikosa humo, mimi na wewe basi. Wallahi tena." Sabiti akashika sururu, akarudi shimoni.

Maji yalikuja kwa ufa mwembamba, yananong'ona. Kesho yake yalikuwa yanafika magotini. Yalikuwa na chumvichumvi kidogo, ladha ya jiwe, na ng'ombe walipoyanusa kwa mbali wachungaji walishindwa kuwazuia. Sabiti alikinga kuta kwa magogo, kama walivyokinga mashimo mgodini, ili zisibomoke, akaweka ngazi ya kushukia. Kijiji kizima kikaja kutazama. Mzee Mabula akashuka ngazi mwenyewe, akanywa kwa kiganja, akapanda, akajifuta mdomo.

"Kisima cha nani hiki?" akauliza mbele ya watu.

Hapo inabidi uujue utaratibu wa kule. Anayechimba kisima ndiye mwenyewe, na hakuna asiyejua. Anaweza kuwazuia ng'ombe wa mtu. Mtu mwenye kiu hamzuii, hiyo haipo. Ila mwenyewe hasemi kwa mdomo wake kwamba maji ni yake. Akisema, ni kama amesema "mimi ni mchawi." Watu wanajua, yeye anajua, na wote wananyamaza, ndiyo adabu.

Sabiti aliujua utaratibu. "Ni maji ya Mungu, mwanangwa," akasema. "Watu wachote."

Mabula akacheka kwa furaha, akamshika mkono. Tangu siku ile hakuna aliyemwita Mswahili. Akawa baba Salehe, na kwenye mashauri wakamwachia kigoda. Mtu anaweza kuishi muda mrefu kwa kitu kama hicho. Wewe usiyewahi kuwa mgeni unaweza kudharau.

Njaa ikapita, miaka mitatu minne ikafuata. Siku moja ikaja lori ya mgodi. Wakashuka watu wakapima pima, wakakizunguka kisima na vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Mgodi ulikuwa umefungua kinu kipya cha kuponda mawe nyuma ya kilima, na mawe yakishapondwa lazima yaoshwe. Walitaka kuweka pampu.

Sabiti aliijua pampu. Aliiona ikikausha shimo lenye maji mengi kuliko haya kwa siku chache, halafu ikaendelea kulia, inataka mengine. Pampu haina adabu ya kusema nimeshiba.

Serikali nayo ilikuwa na sheria mpya. Maji ya chini ya ardhi hayachukuliwi ovyo. Anayeyataka mengi anaomba ruhusa, na kabla ya kupewa, wenye haki ya zamani wanaitwa waseme. Kwa kuisikia, sheria ilikuwa nzuri. Ilimtaka tu mwenye maji asimame na kusema ni yangu.

Bwana Maji, yaani afisa wa maji wa Serikali, alikuja saa nne asubuhi, Mzungu mrefu mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Alikuwa na karani wake Valerian, Mhaya, soksi ndefu mpaka magotini. Wakaweka meza pale pale kisimani. Kijiji kikakaa chini. Mtu wa mgodi akakaa pembeni, mpole kabisa, anajipepea na kofia.

Valerian akasimama. "Bwana anauliza, kisima hiki kina mwenyewe?"

Mzee Mabula akainuka na fimbo yake, kifua mbele. Alikuwa ameamka anaisubiri nafasi ya kukitetea kijiji chake. "Mwambie Bwana," akasema, "hapa kwetu maji hayana mwenyewe. Ni ya Mungu. Hata yeye akiwa na kiu anywe."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Ilisemwa vizuri. Valerian akafasiri, Bwana Maji akaandika, na mtu wa mgodi akaacha kujipepea, akatabasamu.

Chausiku akambana mumewe kwa kiwiko. "Umesikia unavyouzwa? Tena kwa heshima!"

"Nyamaza."

"Ninyamaze? Nililibeba jiwe hili kichwani! Maji ya kulipasulia yalitoka shingoni mwangu! Ukikaa kimya leo, kesho utachota tope."

Sabiti akasimama. "Karani," akasema, "mwambie Bwana kina mwenyewe. Kisima ni changu mimi."

Mtu mmoja nyuma akatema mate. Mwingine akasema, si kwa sauti kubwa lakini akasikika, "Mswahili huyo ameamka."

Likamchoma pale pale anapopajua mwenyewe. Akaendelea kusimama.

Bwana Maji akamtazama vizuri, akasema, Valerian akafasiri. "Bwana anasema wewe unadai, mwanangwa anakataa. Basi anauliza watu. Mtu huyu amewahi kumzuia yeyote asichote?"

Na hapo kijiji kikafanya kosa la pili, kwa mapenzi tupu. Walikuwa wamemkasirikia, ndiyo, lakini kumsingizia jirani uchoyo mbele ya Serikali? Haiwezekani. Wakapokezana kumsafisha. "Hapana! Hajawahi!" "Baba Salehe si mchoyo!" "Hata ng'ombe wa kupita hunywa!" Kila sifa iliyomwangukia Sabiti ilikuwa koleo la udongo ndani ya kisima chake, na mtu wa mgodi alikuwa anaitikia kwa kichwa kila moja.

"Basi," Valerian akasema, sasa kwa sauti ya chini, kama anamwonea huruma. "Bwana anasema mwenye kitu ni yule anayeweza kusema hapana, na hapana yake ikasikilizwa. Wewe hapana yako iko wapi?"

Wakati huo huo Philomena, mke wa jirani, aliyekuwa amebaki nyumbani akimuuguza mama mkwe na hakujua lolote la mkutano, akaja na mtungi wake. Akakatisha katikati ya watu kwa aibu, akapiga goti. "Ng'wangaluka, baba Salehe," akasalimia, akaelekea kwenye ngazi.

Sabiti akasimama mbele ya ngazi.

"Hapana," akasema.

Philomena akacheka kidogo. Alidhani ni utani. "Nakwenda kumpikia mama uji."

"Nimesema hapana. Leo huchoti."

Akamwangalia usoni, kicheko kikamkauka. Akatazama watu, wakamkwepa macho. Akaugeuza mtungi mtupu, akaondoka. Kisogo chake kilionekana mpaka kwenye kona ya mkonge.

Bwana Maji hakuandika. Akasema kitu. "Anasema huyo ni mwanamke, peke yake," Valerian akafasiri. "Labda ameogopa."

Ndipo mzee Mabula akainuka tena. Alichukua kibuyu chake kidogo cha maji, akakitikisa watu wasikie kwamba hakina kitu, akaja polepole mpaka mbele ya Sabiti. Wakawa wanatazamana, mzee aliyetoa ardhi na mgeni aliyepewa.

"Baba Salehe," Mabula akasema. "Nina kiu. Naomba maji ya kunywa."

Si ng'ombe, wala si ya kupikia. Maji ya kunywa, mtu mzima, mbele ya watu wake, juani. Hata kichaa hanyimwi hayo. Sabiti aliyachungulia macho ya mzee atafute kama kuna alama yoyote, kama anamsaidia au anamtega au ana kiu kweli. Hakuona kitu. Yalikuwa macho ya mzee tu, yanangoja.

"Hapana, mwanangwa," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Sikupi."

Mabula akakaa na neno lile mdomoni mwake kama anavyokaa mtu na dawa chungu. Kisha akainamisha kichwa mbele ya Sabiti, kidogo tu, lakini hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo kwa mtu isipokuwa mtemi. Akarudi kukaa alipokuwa amekaa, na kibuyu chake kitupu.

Kalamu ya Bwana Maji ikaanza kukwaruza karatasi.

Wakasema mengi baada ya hapo, na mtu wa mgodi akabisha sana, lakini mambo yalikuwa yameshageuka. Kisima kikaandikwa kwa jina la Sabiti. Mgodi ukaambiwa ukatafute bondeni, ujenge lambo lake wenyewe ungoje mvua kama watu wengine. Vigingi vikang'olewa siku ile ile, lori ikaondoka.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu wakajikung'uta vumbi wakatawanyika wawili wawili. Sabiti akajaza mtungi maji, akayapeleka mwenyewe kwa mzee Mabula. Akamkuta uani anasuka kamba.

"Shikamoo, mwanangwa."

"Marahaba."

"Ulikuwa unanisaidia," Sabiti akasema. "Sivyo? Ulijua."

Mabula akaendelea na kamba yake. "Niliona wanachotaka kuona, nikawaonyesha. Hilo moja. La pili, mimi nilikuomba maji ukaninyima, na wajukuu zangu wamekaa wanatazama. Yote mawili yametokea, baba Salehe. Usiniombe nilichague moja."

"Nifanye nini, basi?"

"Weka maji hapo chini. Nitakunywa nikishakuwa na kiu tena."

Sabiti akayaweka. Akarudi nyumbani, Chausiku akamuuliza mzee amesemaje, akasema hajasema kitu.

Asubuhi iliyofuata alitoka nje akawakuta wanawake kisimani. Wamejipanga nje ya uzio wa miiba uliowekwa kuzuia ng'ombe, mitungi chini, hakuna aliyeshuka. Philomena alikuwa wa mbele. Yule aliyekuwa akishuka ngazi ile huku anaimba, anamtukana Chausiku kwa utani, sasa amesimama kama mtu aliye barazani kwa watu asiowajua.

"Hodi, baba Salehe," akasema. "Tunaomba tuchote."

"Jamani, choteni! Mnangoja nini?"

Wakachota, wakashukuru mmoja mmoja, wakaondoka. Kesho yake wakasimama tena. Keshokutwa tena. Aligomba, akabembeleza, akaiondoa miiba yote akaichoma moto. Wakasimama pale miiba ilipokuwa. Hawakuwa wamemnunia. Walicheka naye njiani, walimletea maziwa Salehe alipoumwa. Ila Serikali ilikuwa imeandika kisima kina mwenyewe, wao ndio walioshuhudia, na mwenyewe huombwa.

Basi Sabiti akapata njia moja. Akawa anaamka kabla yao. Wakifika wanamkuta ameshateremsha ndoo kwa kamba, anavuta mwenyewe, anamimina, mtungi baada ya mtungi, haraka haraka, ili mtu asipate nafasi ya kusema hodi. Mtu mwenye kisima chenye karatasi na muhuri wa Serikali, anachotea kijiji kizima kama mtumishi. Wapita njia walishangaa. Chausiku alimwita mjinga, kisha akaanza kutoka naye, yeye avute, mumewe amimine.

"Inatosha, mwenye kisima," Philomena alikuwa akisema mtungi wake ukijaa.

Sabiti hakumwitikia kwa jina hilo hata mara moja. Alinyoosha mkono kuchukua mtungi wa mwanamke aliyekuwa nyuma yake.