Siku Nilipobaki na Watoto wa Wengine

Siku yangu ya kwanza ya kazi, kule Bogoro, direktere, mkuu wa shule, alisimama nyuma ya kalasi, mikono mgongoni. Niliikandamiza chaki ubaoni hadi ikakatika. Watoto wakacheka, yeye hakucheka. Baada ya somo akaniita pembeni.

«Madamu, maandiko yako iko mazuri. Lakini sikia: muzazi akikuachia mutoto asubui, weye ndiye mama yake mpaka atoke. Kalasi haiachwe.»

Watoto wa mwaka wa kwanza tuliwafundisha kwa arduwaze, kibao cheusi ambacho mtoto huandikia na kufuta kwa kiganja. Unataja silabi, wanaandika, wanainua vibao juu pamoja, nawe unaona mara moja nani ameelewa na nani amechungulia kwa jirani. Kutoka Bogoro nilihamishwa Marabo, ambako inspekteri wa shule alinikemea: «Sauti yako ni ya kusali. Pandisha!» Nikapandisha. Huko ndiko nilikomzaa Jakline, mtoto wangu wa pekee. Alipofika umri wa masomo tulikuwa Bunia. Mimi nilifundisha mwaka wa kwanza. Yeye alisoma mwaka wa pili, ng'ambo ya kiwanja.

Asubuhi moja, vibao vikiwa juu, masasi ya bunduki yalilia upande wa soko. Kisha yakasogea mpaka mabati yakatetemeka. Niliwalaza watoto wangu chini, tumbo juu ya simiti. Kupitia dirishani nikamwona mwalimu wa mwaka wa pili akikimbilia barabarani, peke yake. Mlango wake ulibaki wazi, na ndani yake nilimwona Jakline, amesimama, ananitazama.

Miguu yangu ilinipeleka hadi mlangoni.

«Madamu, unaenda wapi?» mtoto mmoja aliuliza, na kalasi nzima ikaanza kuinuka inifuate.

Kama ningevuka, wangevuka nyuma yangu, katikati ya masasi. Nikapaza sauti yangu yote: «Jakline! Lala chini! Ambia na wenzako!» Sijui kama alisikia. Niliufunga mlango, nikalala juu ya simiti pamoja na watoto wa wengine, nikiwasemesha silabi kwa sauti ya chini.

Masasi yalipotulia nilikimbia ng'ambo. Wote walikuwa wazima, chini ya mabanki ya kukalia. Jakline alitoka wa mwisho. Hakulia. Njiani tu aliniuliza:

«Mama, uliniona?»

«Nilikuona.»

«Na haukukuja.»

Niliendelea kufundisha hadi nilipostaafu. Ninyi waalimu vijana mnaniuliza kama nilitenda vema. Kwa mwalimu jibu ninalo. Kwa mama, sina. Jakline alikua, akaolewa Komanda, na maneno yale hatukuyarudia kamwe.

Mwezi uliopita homa iliniangusha. Niliwakataza majirani wasimwambie, maana barabara ya Komanda haikuwa salama. Hata hivyo mmoja alimwambia, na mchana Jakline alishuka kwenye pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi.

«Wee mutoto!» nikafoka. «Barabara ile? Haungengojea itulie?»

Aliweka mkono kwenye paji la uso wangu, akaukunja uso kwa lile joto.

«Kungojea najua, Mama, tangu siku ile,» akasema. «Leo nilikataa.»