Deraya Nyepesi

Juzi mwanangu na wenzake walikuwa mezani, wakicheza mchezo wao wa kete na mashujaa wa kubuni. Akamchagulia shujaa wake deraya nyepesi ya ngozi, vazi la kumkinga vitani.

"Ya chuma ni nzito, Mama. Hataweza kukimbia."

Nikaikumbuka asubuhi moja ya umande, shambani kwetu Chiwata. Baba alikuwa anakwenda kupuliza salfa, kuua ubwiri, ule ukungu unaokausha maua ya mikorosho. Mama alimletea koti nene na kitambaa kizito cha kuziba pua.

"Vaa, Baba Hawa."

"Vitanichosha, Mama Hawa. Mikorosho yenyewe mingi."

Akajifunga kipande cha kanga puani, akabeba mashine mgongoni. Ikanguruma, na vumbi la manjano likammeza, likinuka kama kiberiti. Mimi nilidhani ubwiri ni mnyama. Nilipomsikia baba akikohoa mle vumbini, nilidhani anamtisha, nikampigia makofi.

Kikohozi kile hakikumwacha, msimu hadi msimu, mpaka tukamzika palepale shambani.

Mwanangu alikuwa ameshika kete, ananisubiri.

"Mpe ya chuma," nilimwambia. "Kama ni kuchelewa, achelewe."