Ukoka Uliokunywa Tangi la Mama Mdogo

Sijawahi kuuchukia mmea kama nilivyouchukia ule ukoka. Nimelala kwenye kambi za mashamba ya mkonge za Ngombezi ambako kunguni ndio wenye nyumba, nimefyeka majani kwenye makazi ya wafanyakazi wa umeme pale Hale huku nyoka wakinipita miguuni, nimelima mahindi ya watu Mashewa, na kote huko niliondoka bila kinyongo. Lakini ukoka wa mama mdogo, hapa Handeni, nikiukumbuka nataka kutema mate.

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu. Mwanawe wa kwanza, ambaye kwangu ni kaka, anafanya kazi Dar es Salaam, naye ndiye aliyemjengea nyumba ya bati la rangi, mifereji ya kukinga mvua kuzunguka paa, na tangi la saruji lililochimbiwa ardhini. Tangi lile ndilo uhai wenyewe. Huku mvua ikikatika imekatika, na maji ya tangi yakiisha linabaki lambo la mifugo, ambamo ng'ombe huingia maji yakawafika tumboni, wakanywa, wakakojoa, kisha watu wakachota hapo hapo. Hata madumu yanayoletwa na pikipiki yanajazwa huko, ila mwenye pikipiki hasemi. Mama mdogo ana goti bovu, hawezi kubeba ndoo wala kufika lamboni. Mwaka uliotangulia tangi lilikauka kabla ya vuli, akanywa ya madumu, akaugua tumbo nusura tumzike. Hapo kaka akatoa neno: likikauka tena anakuja kumchukua, nyumba itafungwa, atakwenda kuishi kwake Dar.

Dar mama mdogo alikwishakwenda. Alisema kule alikalishwa sebuleni kama mgeni asiyeondoka, na kaburi la mumewe alikuwa amelipa kisogo.

Sasa, mtu huyo huyo aliyetoa neno hilo ndiye aliyeleta ukoka. Uliletwa na gari, umeviringishwa kama mikeka, na fundi wake. Wakautandika mbele yote ya nyumba, kuanzia barazani hadi barabarani. Kaka alitaka akija na wenzake wa kazini waone nyumba ya watu. Na kila Jumapili alipiga simu ya video, na salamu haijapoa, anaomba aonyeshwe bustani. Kwa hiyo kila jioni mama mdogo aliwasha pampu, akavuta mpira, akainywesha bustani ya mwanawe.

Nilifika kutoka Korogwe kiangazi kikiwa kimeshika. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanikaribisha ugali na mlenda, kisha nikamtazama akiosha vyombo kwa maji ambayo yalikuwa yameoshea mboga. Maji hayo hayo akayahifadhi, yaoshee miguu. Nikadhani ni busara ya ukame. Halafu jua liliposhuka akavuta mpira, nikaona maji ya mvua, meupe, yakimwagwa juu ya majani ambayo hayaliwi na mtu wala mnyama.

"Mamdogo, huu mbuzi anakula?"

"Mbuzi akisogea hapa, kaka yako anapiga simu. Sijui nani humwambia."

Nyuma ya nyumba ndiko kulikonitia kinyaa zaidi. Maji ya bafuni yalitoka kwenye tundu la ukuta yakatuama, yakafanya dimbwi la kijani lenye utando, viluwiluwi vya mbu vinacheza, na harufu kama ya nguo iliyosahauliwa ndooni. Mbele maji safi yananywesha majani. Nyuma maji machafu yananywesha mbu. Katikati mwanamke mzima anaosha miguu kwa maji ya mboga.

Kesho yake nilifunua tangi nikachovya ufito. Ulirudi umeloa chini ya nusu, na vuli ilikuwa mbali.

Shule niliiacha mapema, lakini sijawahi kuacha kuuliza. Popote nilipolala niliuliza kwa nini mmea huu umekauka na ule umestawi. Nikampangia mama mdogo uwanja usiodai maji. Ukoka ung'olewe. Mpakani uzio wa minyaa, ambayo unachomeka tawi tu likashika, na mbuzi haigusi kwa sababu ya utomvu wake. Mkonge kwenye pembe, shubiri kando ya njia. Upande jua linakopiga ukuta mchana, mwarobaini na milonge, ili nyumba ipate kivuli. Maji ya bafuni yachimbiwe mfereji yaende kwenye miche hiyo badala ya kuoza pale. Na juu ya udongo wote matandazo, jua lisiufikie.

Alikubali kila kitu, isipokuwa kimoja. "Ukoka ni wa mwanangu. Wewe panda pembeni."

Nikachimba mfereji wa bafuni, nikapanda pembeni. Kwa matandazo nikakumbuka makapi ya mkonge. Pale Ngombezi, kwenye korona, yaani mashine inayokamua majani ya mkonge ibaki katani, makapi hutoka kama tope la kijani na kurundikwa, na hakuna anayeyataka. Nikaomba, nikajaza viroba, nikavipakia juu ya fuso lililokuwa linakuja Handeni. Nilijiona nina akili sana. Njiani dereva alisimama akauliza kama nimebeba maiti.

Makapi mabichi ya mkonge yananuka uchachu na uozo kwa pamoja, na yanawasha ngozi. Niliyatandaza nikiwa nimefunga shati puani, mikono imevimba. Kufikia jioni inzi wa kata nzima walikuwa kwetu. Jirani yetu, mama mmoja ambaye kazi yake ni kusimama penye uzio, alimuuliza mama mdogo kama ameanza kufuga nguruwe. Kumwambia hivyo Mwislamu aliyetoka kuswali. Mama mdogo alinigeukia mimi.

"Mwanangu, umenizungukia dunia yote, ukaniletea kinyesi cha mashine."

Alfajiri nikasikia ufagio. Nilipotoka alikuwa ameinama na goti lake bovu, ufagio wa vijiti mkononi, matandazo yangu yote yako kwenye shimo la taka na udongo uko uchi. Nikayarudisha. Kesho yake akayafagia. Nikaleta majani makavu ya mwembe, hayanuki hata kidogo. Akayafagia pia. Miche ya milonge ikaanza kulegea shingo.

Nilimweleza kwa upole, kisha bila upole, kwamba taka ile ndiyo blanketi la ardhi. Alinisikiliza akiwa ameegemea ufagio. Akasema mwanamke ambaye jua linamkuta uwanja wake una majani, watu hupita wakijua ndani kuna mgonjwa, au mvivu, au hakuna mtu. Mama yake alifagia, bibi yake alifagia, na kwenye uwanja mtupu nyoka anaonekana akiwa mbali. Kisha akaongeza jambo kwa Kizigua ambalo sitaliandika.

Nikachukia kila kitu. Nikauchukia ukoka, nikauchukia ufagio, nikajichukia na viroba vyangu. Nikafungasha begi nirudi Korogwe, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoijua zaidi, kuondoka. Nikakaa kwenye jiwe kusubiri jua lipungue, mbele yangu ni kile kipande cha uwanja kati ya jiko na nyumba, ambacho kaka hakukifikia na ukoka wake.

Kilikuwa kimekanyagwa kikawa kigumu kama sakafu. Mistari ya ufagio ilikipita chote, safi. Hakikunywa tone, hakikuota gugu. Hapakuwa na cha kupalilia wala cha kukata. Nilikuwa nimezunguka kutafuta uwanja usiodai maji, na huo hapo, ukifagiwa kila alfajiri na mtu niliyekuwa nikigombana naye.

Nikaacha begi. Nikakusanya mawe, kila mche nikauwekea duara lake, matandazo yakakaa ndani ya duara tu, na makapi ya mkonge nikayaanika mpaka yakaacha kunuka kwanza. Nje ya mawe, ufagio. Mama mdogo akazunguka duara moja na ufagio wake, akalizunguka tena.

"Hapa sawa. Ndani ya mawe ni kwako, mimi siingii."

"Na mbele?"

Akaendelea kufagia. Nikaenda tangini, nikachovya ufito, nikamletea. Ulikuwa umeloa ncha tu. Akaushika, akapitisha kidole mpaka penye unyevu, akanirudishia.

Jumapili kaka alipopiga simu na kuomba kuona bustani, mama mdogo hakuigeuza simu. "Baba, ukoka wako nauua," alisema. "Kwenye tangi pamebaki maji ya mnywaji mmoja, na mimi nimekuwepo kabla yake."

Nilisikia kaka akieleza gharama, fundi, wenzake watakaokuja. Mwishowe akasema kama hali ni hiyo basi aje amchukue.

"Njoo. Utanikuta nafagia."

Tuliung'oa mimi na jembe. Chini yake palikuwa na kinyaa cha peke yake: mizizi imefumana kama nywele kwenye tundu la bafu, wavu wa plastiki uliokuja nao, minyoo, na harufu ya maji ya mvua ya msimu mzima yaliyoozea hapo bure. Jirani alisimama penye uzio akasema kumbe nyumba ina uso.

Kuelekea vuli tulichota yaliyobaki chini ya tangi, tukayachuja kwa kanga, tukayachemsha. Yalikuwa na ladha ya saruji. Yalikuwa bado hayajaisha bati lilipoanza kugongwa na mvua.

Kaka alikuja Idi. Alishuka kwenye gari, akasimama mwanzo wa uwanja uliotoka kufagiwa. Nilidhani atafoka. Alivua viatu, akapita pembeni kabisa, kando ya shubiri, asiharibu mistari ya ufagio, kama mtoto anayeogopa kuchapwa. Mama mdogo alimtazama kutoka barazani bila kuinuka.

Mimi nilikuwa nyuma, nazibua mfereji wa bafuni kwa mkono. Ulikuwa umeziba tena, na ulinuka vile vile.