Jozi za Bwana Hanquet

Kazi aliyopewa Uledi huko Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1956, ilikuwa kunyonya uchafu wa samaki kwa mdomo. Hakuna namna nzuri ya kulisema jambo hilo. Bwana Hanquet, mzungu wa kampuni ya pamba, alikuwa na sanduku la vioo sebuleni lililojaa maji ya ziwa, na kila Jumatatu maji ya chini yalitolewa kwa bomba la mpira. Uledi aliufyonza ili maji yaanze kutoka, na asipowahi kuuchomoa mdomoni alimeza mavi ya samaki pamoja na nyama iliyooza. Ndiyo, nyama. Ng'ombe alishushwa kutoka milimani Bibokoboko, moyo wake ukasagwa, wakapewa samaki wa urefu wa kidole ambao kwao Uledi, kwenye rasi ya Ubwari, hata paka hakuhangaika nao. Wafanyakazi wa nyumba walikula muhogo na maharage.

Alivumilia kwa ajili ya mkewe, Zubeda. Sheria ya nyumba ile ilikuwa boyi alale peke yake katika chumba cha nyuma, kwa sababu wanawake, alisema bwana, huleta kelele. Kwa hiyo Zubeda alibaki Ubwari, na Uledi alimwona siku mbili kwa mwezi, mtumbwi ukipatikana. Alipoomba ruhusa ya kumleta, Hanquet alicheka akagonga kioo kwa kucha.

"Samaki yangu ikizala, utaleta bibi yako."

Basi ndoa ya mtu mzima ikaning'inizwa kwenye mkia wa samaki.

Mzungu alitaka wawili wawili, dume na jike, kama kitabu chake kilivyosema. Uledi alizamia, akamletea wale wanaoishi kwenye mawe, wa njano wenye michirizi myeusi. Dume na jike wa samaki hao wamefanana kabisa, na hawaoani kwa amri ya mtu. Hanquet aliwatupa ndani, akavuta kiti, akawasha sigara na kukodoa macho kama anayechungulia chumba cha maharusi. Kesho yake mmoja alielea juu, mapezi yametafunwa, jicho halipo. Jozi ya pili ikawa vilevile. Kwa jozi ya tatu bwana alimwaga chumvi ya jikoni, maana kitabu kile kilikuwa cha samaki wa bahari. Wote wawili walikufa kabla ya chakula cha mchana, na sebule ikanuka siku tatu.

"Maji ya kwetu haina chumvi, Bwana," Uledi alisema. "Na hii samaki inajichagulia. Ukikuta mbili kwa jiwe moja, zinafukuza zingine, ile ndiyo bwana na bibi."

"Nani alikuuliza?"

Hakuulizwa, kweli. Lakini siku zake mbili zilipofika alikwenda Ubwari, akazamia kwenye jiwe ambalo samaki wawili walililinda, akawaleta wote pamoja na jiwe lao ndani ya mtungi. Hanquet aliona jiwe lile ni baya, ila akaliacha. Baada ya wiki tano vitoto vilizagaa kulizunguka, vidogo kama viluwiluwi vya mbu. Hanquet aliita wazungu wenzake, akawamiminia pombe, akawasimulia jinsi alivyoichagua jozi ile kwa jicho lake mwenyewe. Uledi alizunguka na sinia, akikusanya glasi tupu.

Zubeda alifika siku ya Ijumaa, amejifunga kitenge chake kizuri, mkeka kichwani. Hanquet alitoka barazani na daftari lake la samaki. Alimzunguka mwanamke yule polepole, mara mbili.

"Mulioana miaka ngapi?"

"Sita, Bwana," Uledi akajibu.

"Batoto?"

"Hatuyapata bado."

Zubeda alitua mkeka, akatazama chini. Hanquet aliandika kitu, akafunga daftari, akamgeukia Uledi kwa uso mwema kabisa, na wema ule ndio uliokuwa mchafu kuliko yote.

"Nitakupa miezi sita. Kama haizali, utarudisha hii kwabo, utatafuta ingine."

Kichwa cha Uledi, chenyewe, bila kutumwa, kilianza kuhesabu: mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Alifika wa tisa ndipo akatambua anachokifanya. Alikuwa anapiga hesabu za mkewe kwa kalenda ya Hanquet, na hapo alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mzungu yule.

Alipoinua macho ili amwambie mkewe waondoke, Zubeda alikuwa ameshajitwisha mkeka wake, yuko njiani kuelekea ziwani, wala hakugeuka kuangalia kama mumewe anamfuata.